Bodys Isek Kingelez: fundi wa karatasi aliyejenga miji yenye haijakuwako

Hapa kwetu Kalemie, mtoto akiokota kopo tupu ya sardini, haitupi. Anaitoboa kwa msumari, anapitisha vijiti viwili, anakata magurudumu manne katika babushi iliyochakaa, na kabla ya jua kuzama gari imekwisha kutoka garaji. Wengine wanapinda waya mpaka inakuwa kamio kabisa, na usukani mrefu wa mti wa kuendeshea ukiwa umesimama, taa za vifuniko vya chupa, na plaki imeandikwa kwa bic. Wazazi wengi wanaangalia na kusema: hiyo ni michezo tu, heri angeshika kitabu.

Leo tunaeleza maisha ya Mkongomani mmoja ambaye hakuacha mchezo huo alipokuwa mtu mzima. Yeye hakutengeneza gari, alitengeneza manyumba, kisha barabara za kupita katikati ya manyumba, mwisho miji mizima, yote kwa karatasi, kartoni na kole. Aliitwa Bodys Isek Kingelez. Sasa ni zaidi ya miaka 10 tangu tumzike. Kazi zake zimeonyeshwa Paris na New York katika manyumba makubwa ya sanaa, lakini kwetu mashariki watu wengi hawajasikia hata jina lake. Ndiyo sababu tumeona vema kumweleza hapa, polepole, tangu mwanzo.

Maketi na gari ndogo ni ndugu

Kwanza tusikilizane juu ya neno. Maketi ni kitu kikubwa kilichofanywa kidogo. Arshitekti, mbele ya kujenga, anatengeneza nyumba ndogo ya kuweka juu ya meza ili mwenye franga aone nini atapata. Wenye kupenda gari ndogo, kule Ulaya na Marekani, wanafanya hivyo hivyo, na wanafuata kipimo. Wakisema 1 kwa 43, maana yake gari imepunguzwa mara 43: gari ya mita 4 na sentimita 30 inakuwa ya sentimita 10. Wakisema 1 kwa 24, gari ya mita 4 na sentimita 80 inakuwa ya sentimita 20. Wananunua vipande ndani ya kartoni, wanavikata, wanavipiga kole, kisha kila mmoja anabadilisha ya kwake: huyu anaweka magurudumu mapana, yule anapaka rangi ambayo kiwanda hakijawahi kuitoa. Kubadilisha huko ndiko utamu wenyewe. Watoto wetu nao wanajua: mmoja anaongeza antena, mwingine anakata vikinga-matope katika mpira wa kinga.

Kingelez alikuwa wa jamaa hiyo, ila alitofautiana nayo kwa jambo moja kubwa. Mwenye gari ndogo anaiga gari iliyoko. Yeye hakuiga nyumba iliyoko. Alitengeneza maketi ya nyumba ambayo hakuna mtu ameijenga, na pengine hakuna atakayeijenga.

Mtoto wa wakulima

Alizaliwa tarehe 27 Agosti 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga, upande wa ile iliyokuja kuitwa Bandundu, magharibi ya inchi yetu. Wakati ule tulikuwa bado Kongo ya Wabeleji. Wazazi wake walikuwa wakulima. Kijiji chenyewe kilikuwa kijiji sawa vingine: mashamba, njia ya udongo, manyumba ya chini. Mnara hakukuwa, wala gari la moshi, wala uwanja wa mpira wenye viti. Tukumbuke hilo, sababu tutarudi Kimbembele Ihunga mbele kidogo, na tutakuta imegeuka.

Uhuru ulipokuja mwaka wa 1960, alikuwa na miaka 11, karibu 12. Alikua katika miaka ya fujo, na akaona inchi ikibadilisha majina yake moja kwa moja: Léopoldville ikawa Kinshasa, Élisabethville ikawa Lubumbashi, Albertville yetu hapa ikawa Kalemie. Mwaka wa 1971 hata Kongo yenyewe ikaitwa Zaïre.

Yeye alifika Kinshasa mwaka wa 1970, kijana wa miaka 21 au 22, kutafuta masomo ya juu. Na aliingia Kinshasa wakati mji ule ulikuwa umelewa saruji. Mobutu alitaka mji mkuu wa kushangaza wageni. Pale Limete ulikuwa unapandishwa ule mnara wa Échangeur. Katikati ya mji ghorofa ya Sozacom ilikuja kusimama. Kule chini ya mto walikuwa wanajenga bwawa la Inga. Mwaka wa 1974 dunia nzima ilikodolea macho Kinshasa, sababu Muhammad Ali na George Foreman walikuja kupigana pale. Kijana aliyetoka katika njia ya udongo aliona ghorofa zinaota sawa mihindi.

Lakini aliona pia upande wa pili. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka hiyo ya 1970, na serikali iliyokuwa inaishi kwa shaba ya Katanga, wakati ule Shaba, ikakosa franga. Kazi kubwa zikasimama nusu. Mji uliendelea kujaa watu, lakini barabara hazikuongezeka, mifereji haikuongezeka, manyumba yakajipanga yenyewe bila mpango. Mwenye kukaa Kalemie hahitaji kuelezwa sana: tunajua kiwanda kinavyokufa na paa likabaki limesimama, tunajua kartiye inavyoongezeka mpaka kwenye maji.

Mwezi wa makasi na kole

Katika miaka hiyo Kingelez alikuwa mwalimu wa sekondari. Wenye wazazi walimu wanaelewa maisha hayo: heshima iko, mshahara unakawia. Alifundisha, lakini moyo haukutulia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 akaacha kufundisha.

Hapo ndipo kitu kilimpata ambacho yeye mwenyewe alikisimulia mara nyingi baadaye. Aliingiwa na hamu kali, karibu homa, ya kushika makasi, wembe, kole na karatasi. Hakuna mtu aliyemtuma, wala mnunuzi hakuwako. Alijifungia nyumbani akakata na kupiga kole, siku baada ya siku, mpaka nyumba ndogo ya karatasi ikasimama mbele yake. Tukumbuke kwamba hakusomea arshitekti, hakuingia masomo ya sanaa. Alikuwa na mikono yake, na alikuwa na kichwa kilichokuwa kimeangalia mji kwa miaka karibu 8.

Jaribu kufikiri majirani walisema nini. Mwanaume mzima, mwalimu, ameacha kazi, anakaa ndani anakata kartoni. Kwetu watu wangesema amelogwa, ama masomo yamemzidi kichwa. Hata leo, kijana wa miaka 30 akionekana na gari ya waya mkononi, watu wanacheka. Sisi tunavumilia ufundi wa mtoto, na tunavumilia ufundi wa mtu mzima wenye kuleta franga jioni. Ule wa katikati, ufundi ambao haujajulikana utaleta nini, huo tunauonea haya.

Siku walifikiri ni mwizi

Alipomaliza, alibeba kazi yake akaipeleka kwa Taasisi ya Makumbusho ya Taifa, kule Kinshasa. Huko walikuwa wanakusanya vinyago na vitu vya mababu vya inchi nzima, na walikuwa na wataalamu wa kuvijua. Waliiangalia ile nyumba ya karatasi. Ilikuwa safi mno. Pembe zimenyooka, madirisha yamejipanga, kole haionekani. Wakamwangalia na mwenye kuileta: mtu asiyejulikana, hana diplome ya sanaa, hana mdhamini. Hawakumsadiki. Walishuku kwamba si yeye aliyeifanya, pengine ameiiba mahali.

Hapo wengi wetu tungerudi nyumbani na hasira, ama tungepiga makelele. Yeye alikubali jaribio. Walitaka atengeneze nyingine palepale, mbele ya macho yao. Akakaa, akashika wembe na kole, akatengeneza. Nyumba ya pili iliposimama, hakukuwa tena na neno la kusema.

Na hapa watu wa makumbusho walifanya jambo la kusifiwa. Walikuwa wameanza na mashaka, lakini walipoona ukweli hawakumfukuza kwa haya, walimpa kazi. Kingelez akawa fundi wa kurekebisha vitu vya zamani: kinyago kilichopasuka, sanamu iliyoliwa na mchwa, kitu cha mti kilichopoteza kipande. Alifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, mpaka katikati ya miaka ya 1980.

Tusiipite miaka hiyo upesi. Mwenye kurekebisha anajifunza vitu ambavyo mwenye kuvumbua hana subira navyo: kuangalia kiungo kwa muda mrefu, kuchagua kole, kushika kitu chembamba bila kukivunja. Fundi wa saa pale sokoni anajua, fundi wa redio anajua. Wakati huo wote, maketi zake mwenyewe hazikusimama. Mwisho aliacha kazi ya makumbusho ili akae na zake tu.

Paris, 1989

Miaka ya mwisho ya 1980, kule Paris, mkubwa mmoja wa makumbusho, Jean-Hubert Martin, alikuwa anatayarisha maonyesho ya namna mpya. Mpaka wakati ule, Ulaya ilikuwa ikionyesha sanaa ya wazungu walio hai upande mmoja, na ya Waafrika iliwekwa upande wa vinyago vya zamani, sawa vile kwetu watu wameacha kuumba tangu babu. Martin alitaka kuweka wote pamoja, walio hai kwa walio hai: zaidi ya wasanii 100, nusu wa Ulaya na Marekani, nusu wa pande nyingine za dunia. Maonyesho hayo yaliitwa Magiciens de la terre. Katika wenye kutafuta wasanii Afrika alikuwa Mfaransa André Magnin, na alipofika Kinshasa alimkuta Kingelez na majumba yake ya karatasi.

Kingelez alienda Paris, akakaa kule miezi kadhaa akifanya kazi. Maonyesho yalifunguliwa mwezi wa tano 1989, katika Centre Pompidou na katika Grande Halle ya La Villette. Mzaïrwa mwingine aliyekuwa pale ni Chéri Samba, mchoraji wa Kinshasa. Kwa watu wengi wa Ulaya ilikuwa mara ya kwanza kuona kwamba kutoka Zaïre kunaweza kuja kitu ambacho si kinyago: ghorofa ya rangi ya waridi na kijani, yenye nyota kichwani, yenye kung'aa sawa sanduku la bonbon.

Kutoka hapo njia ilifunguka. Tajiri mmoja mwenye kukusanya sanaa, Jean Pigozzi, alianza kununua kazi za Waafrika kwa wingi baada ya kuona maonyesho hayo, na za Kingelez zikawa kati ya zile alizozipenda. Mwaka wa 1995 Fondation Cartier ya Paris ilimpa maonyesho ya peke yake. Mwaka wa 2002 kazi zake zilikuwa Documenta, kule Kassel, Ujerumani, mahali ambapo wasanii wakubwa wa dunia wanaitwa kila miaka 5.

Lakini hakuhamia Ulaya. Alikuwa akienda na kurudi. Nyumbani kulibaki Kinshasa, na Kinshasa ya miaka ya 1990 haikuwa tena ile ya 1970. Mwezi wa tisa 1991, halafu mwezi wa kwanza 1993, wanajeshi na raia waliuangukia mji kwa uporaji. Viwanda vikafungwa, maduka yakabaki kuta. Mwaka wa 1997 vita vilivyoanzia huku kwetu mashariki vikafika Kinshasa na Mobutu akaanguka. Ni katika miaka hiyo hiyo, wakati mji wa kweli ulikuwa unabomoka, Kingelez alitengeneza miji yake mikubwa kuliko yote.

Ndani ya miji yake

Alianza na nyumba moja moja. Kisha, katika miaka ya 1990, akapanga manyumba mpaka ikawa miji. Mwaka wa 1994 alimaliza Kimbembele Ihunga. Ndiyo, kijiji kile cha wazazi wake. Lakini njia ya udongo haipo tena. Kuna maghorofa, kuna uwanja wa mpira, kuna benki, kuna mahoteli na mahali pa kula. Kazi hiyo ina urefu wa zaidi ya mita 3. Mtoto wa wakulima alikipa kijiji chake kila kitu ambacho serikali haikukipa, na alikitengeneza kwa karatasi.

Mwaka wa 1996 akatoa Ville Fantôme, mji wenye urefu wa mita 5 na sentimita 70 na upana wa mita 2 na sentimita 40. Chumba cha kawaida cha Kalemie hakiuwezi. Katika mji huo, kwa maelezo aliyoyatoa yeye, hakuna polisi, sababu watu wanaishi kwa amani na hawahitajiki. Mwaka uliofuata akatengeneza mpango wake wa Kinshasa ya mwaka elfu ya tatu: mji ule ule uliokuwa umeporwa, sasa una njia pana, una bustani, una majumba yenye mapaa ya kila umbo.

Hakujenga mambo ya furaha tu. Mwaka wa 1991, wakati ukimwi ulikuwa ukiua watu na wengi waliona haya hata kuutaja, alitengeneza hospitali ya karatasi ya kutibu na kuchunguza ugonjwa huo, na aliifanya nzuri, yenye rangi, sawa kusema wagonjwa hawa wanastahili nyumba bora. Mwaka wa 1995, Umoja wa Mataifa ulipotimiza miaka 50, aliutengenezea jumba. Na baada ya minara ya New York kubomolewa tarehe 11 Septemba 2001, alitengeneza Manhattan mpya ya mwaka wa 3021.

Je, vyote hivyo alivitengeneza na nini? Hapa wenye gari za sardini watafurahi. Karatasi ya rangi na kartoni, ndiyo kwanza. Lakini ukiangalia karibu unaona vijiti vya meno, pini, mirija ya kunywea, plastiki, karatasi ya kung'aa ya pakiti, vifuniko vya chupa, vipande vya kopo za bia na soda. Vitu ambavyo sisi tunavifagia asubuhi. Anakata kwa wembe na makasi, anakunja, anapiga kole. Madirisha anayafanya moja kwa moja, mamia kwa mamia, kila moja na mstari wake. Juu anaweka nyota, bendera, majina, namba. Hakuna sehemu ya nyuma iliyoachwa ovyo kwa kuwa haitaonekana. Ukizunguka mji wake, kila upande ni uso.

Yeye hakupenda kuziita maketi tu. Alizipa jina lake kwa Kifaransa, extrêmes maquettes, maana yake maketi zilizofika mwisho kabisa. Hakuwa mtu wa kujishusha. Aliamini anaionyesha dunia namna ya kuishi vizuri, na alilisema hilo bila haya. Wengine walimwona ni mwenye majivuno. Lakini mtu ambaye siku ya kwanza alidhaniwa mwizi, tunaweza kuelewa kwa nini baadaye aliandika jina lake wazi.

Kuna wenye kuuliza swali la haki: hii miji iko nzuri, lakini watu wako wapi? Kweli, ukichungulia katika barabara zake hakuna mtu. Hakuna mama wa kuuza mandazi, hakuna mwenye kusukuma kinga yenye makaa, hakuna foleni ya maji. Wengine wanasema huko ni kukimbia ukweli. Sisi tunaona vingine. Maketi ni swali lenye kuwekwa juu ya meza mbele ya mwenye madaraka. Kingelez alitengeneza mahali, na akaacha wazi nani ataingia. Mji wa kweli una watu wengi na mahali hakuna. Wake una mahali na watu bado. Hizo ni nusu mbili, na kazi ya kuziunganisha si ya msanii peke yake.

Alipokufa, na yaliyofuata

Bodys Isek Kingelez alifariki Kinshasa tarehe 14 Machi 2015. Alikuwa na miaka 66. Miezi 4 tu baadaye, Fondation Cartier ya Paris ilifungua maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo kutoka 1926 mpaka 2015. Yeye alikuwa ndani, pamoja na wachoraji wa Katanga wa zamani sawa Pilipili Mulongoy, lakini hakuyaona.

Heshima kubwa zaidi ilikuja baadaye. Kuanzia tarehe 26 Mei 2018 mpaka tarehe 1 Januari 2019, makumbusho ya MoMA ya New York, mojawapo ya makumbusho makubwa ya sanaa ya leo duniani, ilionyesha kazi zake tangu za mwanzo mpaka za mwisho. Waliweka hata miwani ya kompyuta: mtu anaivaa na anajikuta anatembea ndani ya Ville Fantôme, kati ya maghorofa, sawa yeye mwenyewe amepunguzwa. Watu wa New York, wenye maghorofa ya kweli nje ya mlango, walilipa kuingia katika mji wa karatasi wa Mkongomani.

Hapo ndipo penye uchungu. Kwa kuona miji hiyo kwa macho, mtoto wa Kalemie anahitaji pasipoti, visa na tiketi. Hata mtoto wa Kinshasa vilevile: sehemu kubwa ya kazi zake iko katika mikusanyo ya nje. Hatusemi ziliibiwa. Ziliuzwa, aliziuza yeye, na bila wanunuzi wale pengine zingekuwa zimeliwa na panya na unyevu. Karatasi haina uhai mrefu, jua linakula rangi, kole inaachia. Kutunza mji wa karatasi kunahitaji chumba kikavu, mwanga mdogo, na mtu aliyesomea kurekebisha, ile ile kazi aliyoifanya Kingelez kwa vinyago vya wengine. Inchi inaweza kuzaa fundi, lakini kama haina nyumba ya kutunzia, kazi ya fundi itaenda kukaa penye nyumba. Kinshasa ilipata makumbusho mapya ya taifa mwaka wa 2019, kwa msaada wa Korea ya Kusini. Ni mwanzo. Huku kwetu, hesabu ni ndogo zaidi.

Sisi tuchukue nini

Hatutaki kumalizia kwa kusema kila mtoto mwenye gari ya sardini ataonyeshwa New York. Si kweli, na mtoto si mjinga. Lakini maisha ya mtu huyu yanatuachia mambo matatu ambayo hayahitaji visa.

Jambo la kwanza ni la walimu. Maketi ni hesabu. Mtoto ambaye anapima kamio ya kweli pale bandarini, kisha anagawanya kwa 24 ili apate urefu wa waya wa kukata, amefanya hesabu ya kugawanya, amefanya jometria, na hatasahau. Darasa lisilo na kitu cha kufanyia mazoezi lina makartoni na vifuniko karibu na mlango.

La pili ni la wazazi. Mikono yenye kuweza kunyoosha kona ya karatasi ndiyo mikono itakayoweza kushona, kuseremala, kutengeneza simu, hata kupasua mgonjwa. Ukiona mtoto amekaa masaa matatu juu ya kitu kimoja bila kuchoka, usimkatishe mbio. Uliza kwanza anatengeneza nini.

La tatu ni letu wakubwa, na labda ndilo zito. Kalemie imeona maji ya ziwa yakipanda mpaka ndani ya manyumba, imeona watu wakihama na kujenga tena mahali walipopata, bila mtu kuwaonyesha wapi njia itapita na wapi mfereji utapita. Tunajenga kwanza, tunafikiri baadaye. Kingelez alifanya kinyume: alifikiri mji mzima, akauona kwa macho, akauweka juu ya meza, hata kama hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemlipa. Kuutazama mji juu ya meza mbele ya kuchimba msingi hakugharimu sana. Kunahitaji kartoni, wembe, kole, na watu wanaokubali kuzunguka meza moja na kubishana mahali pa kuweka soko, shule, na njia ya maji.

Ukikuta mtoto barazani anakata kartoni, mwachie nafasi. Na ile kartoni ya sabuni ulitaka kuwashia moto, mpe.